Asia imekubaliana kuhusu vyeti, ujira bado

Mhariri,

Makala iliyochapishwa majuzi katika gazeti lako, ikizihimiza serikali za Afrika Mashariki ziige ushirikiano wa nchi za Asia katika mafunzo ya ufundi na ajira, ilikuwa na mengi ya kweli, nami naiunga mkono kwa sehemu kubwa. Hata hivyo mwandishi alisimulia nusu ya habari. Alieleza namna nchi hizo zilivyopatanisha mitaala, viwango na vyeti, akaishia hapo, kana kwamba fundi akishapata cheti kinachotambulika ng'ambo mambo yake yamekwisha kunyooka. Nimefundisha ufundi wa umeme hapa Mombasa kwa miaka mingi, na baadhi ya vijana waliopita mikononi mwangu wako nchi za Ghuba hivi sasa, kwa hiyo suala hili nalifuatilia kwa karibu. Ninavyoona mimi, Asia imefaulu kushirikiana katika yale ambayo hayamgharimu mwajiri wala serikali inayopokea wageni, lakini imekwama katika lile linalomgusa mfanyakazi mfukoni, yaani ujira atakaolipwa na gharama ya kuipata hiyo kazi. Katika kukwama huko, sisi wa Afrika Mashariki tuna mkono wetu.

Kwanza tuwape haki yao. Ushirikiano huu haukuanza jana. SEAMEO, jumuiya ya mawaziri wa elimu wa Asia ya Kusini-Mashariki, iliundwa mwaka 1965, miaka miwili kabla ya ASEAN yenyewe, ile jumuiya ya nchi za eneo hilo, na tangu 1990 imekuwa na kituo cha elimu ya ufundi nchini Brunei kinachowanoa walimu na wasimamizi wa vyuo vya nchi wanachama. Mpango wa Colombo, ushirikiano wa kimaendeleo wa nchi za Asia na Pasifiki, nao ulianzisha chuo chake cha kuwaendeleza wakufunzi wa ufundi mwaka 1973 huko Singapore, kisha chuo hicho kikahamia Manila. Watu wa fani yangu wanajua thamani ya vyuo vya aina hii, maana mwalimu aliyeachwa nyuma na mashine hawezi kumfundisha kijana kitu ambacho mwajiri atakubali kukilipia. Asia ilianza na mwalimu, na hapo haikukosea.

Baadaye ikaja mikataba ya kutambuana, yaani ya kila nchi kukubali sifa za kitaaluma zilizotolewa na nyingine. Nchi za ASEAN zilitia saini mkataba wa wahandisi mwaka 2005, wa wauguzi mwaka 2006, kisha wakafuata wasanifu majengo, wapima ardhi, wahasibu, madaktari na madaktari wa meno. Mkataba unaonivutia zaidi ni ule wa watu wa utalii, kwa sababu ndio pekee unaoshuka hadi kwa mtu anayetandika kitanda cha mgeni. Unataja nafasi 32 za kazi katika hoteli na mawakala wa safari: mapokezi, usafi wa vyumba, jikoni, huduma ya chakula na vinywaji, uuzaji wa tiketi, uendeshaji wa safari. Kila nafasi imeandikiwa viwango vya umahiri, viwango vikaandaliwa mtaala wa pamoja, na mwaka 2016 ikazinduliwa daftari la mtandaoni ambamo mfanyakazi aliyefaulu husajiliwa ili hoteli ya nchi nyingine imwone. Juu ya hayo yote umewekwa mfumo wa ngazi nane ambao nchi inaweza kulinganisha nao sifa zake za kielimu na za kiufundi. Kwa mtu aliyewahi kukaa katika kamati ya mitaala, kazi hiyo inatia wivu. Hoteli za Diani, Malindi na Unguja zinaajiri watu wa kazi hizo hizo, lakini mpishi anayehama kutoka Unguja kuja Mombasa anapimwa upya jikoni, kama kwamba alikotoka hakukuwa na moto.

Sasa tutazame ni nani hasa anayevuka mipaka katika eneo hilo. Nchini Thailand ni vibarua wa ujenzi, mabaharia wa vyombo vya uvuvi na wafanyakazi wa viwandani kutoka Myanmar, Kambodia na Laos, ambao hesabu yao inazidi milioni mbili. Nchini Malaysia ni Waindonesia, Wabangladeshi na Wanepali walio katika mashamba ya michikichi, viwandani, kwenye majengo na katika nyumba za watu. Hakuna hata mmoja wao anayetajwa katika mikataba niliyoieleza. Mwashi hayumo, mvuvi hayumo, na mfanyakazi wa nyumbani hayumo. Zimekuwapo juhudi, zikisaidiwa na Shirika la Kazi Duniani, za kupatanisha viwango vya kazi kama uashi wa matofali na upigaji plasta kati ya nchi za bonde la Mto Mekong, na juhudi hizo ni njema, lakini bado ni changa zikilinganishwa na umati unaovuka. Hata mhudumu wa hoteli aliyesajiliwa hakufunguliwa mlango wa uhamiaji, kwa kuwa mikataba hiyo imeandikwa kwa uangalifu isiguse sheria za ndani za viza na vibali vya kazi. Thailand, kwa mfano, kwa miaka mingi ilikuwa na orodha ya kazi 39 zilizotengewa raia wake, na orodha hiyo haikufutwa kwa sababu ya daftari la mtandaoni. Anayetambuliwa ni yule ambaye hata bila mkataba angepata njia. Anayevuka kwa wingi hajatambuliwa.

Mfano unaofundisha zaidi, kwa maoni yangu, ni wa wauguzi waliokwenda Japani. Kwa mikataba ya ushirikiano wa kiuchumi, Japani ilianza kupokea wauguzi na watunza wazee kutoka Indonesia mwaka 2008 na kutoka Ufilipino mwaka uliofuata. Hawa walikuwa watu waliokwisha kusoma na kufanya kazi kwao. Walipofika waliwekwa wasaidizi wodini, wakapewa miaka mitatu wafaulu mtihani wa taifa wa uuguzi, ulioandikwa kwa Kijapani na kujaa maneno ya kitabibu ambayo hata Mjapani wa kawaida hayasomi kwa urahisi. Katika mtihani wa mwaka 2009 walikaa 82 na hakufaulu hata mmoja. Mwaka 2010 walikaa 254, wakafaulu watatu. Mtu angeweza kusema wauguzi hao hawakuwa na ujuzi, lakini kilichopimwa pale kilikuwa kusoma. Serikali ya Japani ilipoona aibu hiyo ililegeza mambo kadhaa: ikaongeza muda wa mtihani, ikaweka namna ya kutamka juu ya herufi ngumu, ikarefusha mafunzo ya lugha kabla ya safari. Vietnam ilipojiunga mwaka 2014, vijana wake walifundishwa Kijapani kwa mwaka mzima nyumbani kwao na hawakuruhusiwa kuondoka mpaka wafikie kiwango kilichowekwa. Walifaulu kwa kiwango cha juu kuliko waliowatangulia. Tofauti ililetwa na fedha na muda uliotengwa kabla ya safari, pamoja na nchi iliyokubali kubeba gharama hiyo badala ya kumwachia muuguzi ajitafutie walimu baada ya zamu ya usiku.

Japani hiyo hiyo inatupa mfano mwingine, wa kusikitisha. Mwaka 1993 ilianzisha mpango wa wanagenzi wa ufundi kutoka nchi nyingine za Asia, kwa kauli kwamba watajifunza ujuzi na kuurudisha kwao ukajenge uchumi. Kwa vitendo mpango ule uliziba upungufu wa vibarua katika viwanda vidogo, mashamba, ushonaji na ujenzi. Mwanagenzi hakuruhusiwa kumhama mwajiri wake, na wengi, hasa kutoka Vietnam, walifika wakiwa na madeni makubwa waliyoyakopa ili kuwalipa mawakala wa kwao. Mtu mwenye deni ambaye hawezi kuhama hukubali lolote, na maelfu yao wamekuwa wakitoroka kila mwaka. Mwezi Juni 2024 bunge la Japani lilipitisha sheria ya kuufuta mpango huo na kuleta mwingine ifikapo mwaka 2027, ambao utamruhusu mfanyakazi kubadilisha mwajiri kwa masharti. Ilichukua zaidi ya miaka 30 kukiri kwamba neno mafunzo lilikuwa limefunika kazi ya kibarua.

Korea Kusini nayo ilikuwa na mpango wa wanagenzi wa namna hiyo hiyo katika miaka ya 1990, lakini ilijirekebisha mapema. Mwaka 2004 ilianza mfumo wa vibali vya ajira ambao unaendeshwa na serikali kwa serikali. Wakala binafsi hana nafasi. Nchi inayopeleka hutia saini makubaliano na Korea, mwombaji hufanya mtihani wa Kikorea, majina ya waliofaulu huingizwa katika orodha, na mwajiri huchagua humo kwa mkataba wa kazi unaofuata sheria za Korea, ukiwamo ujira wa kima cha chini anacholipwa Mkorea. Nchi 16 za Asia ziliingia katika utaratibu huo. Gharama aliyobeba mfanyakazi kabla ya kuondoka, iliyokuwa takriban dola 3,500 mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilishuka hadi chini ya dola 1,000 miaka kumi baadaye. Mfumo huo una kasoro zake, tena si ndogo. Kubadilisha mwajiri kumewekewa mipaka, na haujali sana ujuzi alio nao mtu, hivi kwamba mchomeleaji hodari anaweza kujikuta akilisha nguruwe. Pamoja na hayo, ningelazimika kuchagua kati ya mfumo unaotambua cheti changu na kuniachia deni, na ule usiotambua cheti changu lakini unaoniondolea dalali, ningechagua wa pili bila kufikiri mara mbili.

Nije sasa Ghuba, ambako habari ya Asia inakutana na yetu. Mwishoni mwa mwaka 2006 Ufilipino ilitangaza masharti mapya kwa wanawake wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani nje: mshahara usiopungua dola 400 kwa mwezi, umri usiopungua miaka 25, mfanyakazi asitozwe ada ya kutafutiwa kazi, na awe na cheti cha umahiri kutoka TESDA, mamlaka ya elimu ya ufundi ya nchi hiyo. Tafadhali wasomaji watazame jinsi mambo hayo yalivyofungwa pamoja. Cheti hakikutolewa kiwe pambo ukutani. Kilitolewa pamoja na bei. Anayemtaka mtu aliyefunzwa amlipe kama mtu aliyefunzwa. Masharti hayo yalikiukwa mara nyingi, kwa mikataba iliyobadilishwa mtu akishafika na kwa ada zilizofichwa ndani ya malipo ya mafunzo, lakini hoja yenyewe ilikuwa sahihi.

Saudi Arabia haikupendezwa. Katikati ya mwaka 2011, baada ya mvutano juu ya mshahara na masharti hayo, ilitangaza kwamba haitatoa tena vibali kwa wafanyakazi wa nyumbani kutoka Ufilipino na Indonesia. Indonesia nayo wakati huo huo ilikuwa imesitisha kupeleka watu wake baada ya raia wake mmoja kuuawa huko kwa kukatwa kichwa. Kama nchi zote zinazopeleka wafanyakazi zingesimama pamoja kwa miezi michache tu, sidhani kama nyumba za Riyadh na Jeddah zingevumilia. Hazikusimama pamoja. Mawakala waligeukia nchi nyingine, zikiwamo Ethiopia na Kenya, ambako wanawake walikuwa tayari kwenda kwa ujira mdogo zaidi, na pengo likazibika. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mwezi Mei 2013 Saudi Arabia ilitia saini makubaliano ya dola 400 kwa Wafilipino pamoja na siku ya mapumziko kila wiki, lakini wakati huo soko lilikwisha kugawanyika kwa uraia: nyumba moja na jirani yake zinalipa mishahara tofauti kwa kazi ile ile, kulingana na pasipoti ya anayeifanya. Binti kutoka Kwale au Bungoma yuko katika ngazi ya chini ya mgawanyo huo.

Haikuwa kwamba nchi za Asia hazikuona hatari hii. Tangu mwaka 2003 zilikuwa zimeunda jukwaa linaloitwa Mchakato wa Colombo, lililoanza na nchi kumi zinazopeleka wafanyakazi, kuanzia Bangladesh, India na Nepal hadi Thailand na Vietnam, na sasa zimefika kumi na mbili. Mwaka 2008 likafuata Jukwaa la Mazungumzo la Abu Dhabi, ambalo linaziketisha nchi hizo meza moja na nchi za Ghuba. Huko kunazungumzwa utambuzi wa ujuzi, maandalizi kabla ya safari na uandikishaji wa haki, na mengine yamezaa matunda. Saudi Arabia, kwa mfano, imeanzisha mpango wa kuwapima mafundi wakiwa kwao, ambapo fundi bomba, fundi umeme au mchomeleaji wa Pakistan au India hufanya mtihani kabla ya kupewa viza. Kwa fundi mzuri hilo ni jambo la heri, kwa sababu anafika akiwa anajulikana kuwa fundi. Lakini majukwaa hayo hayafungi mtu, na suala la kima cha chini cha pamoja cha mshahara ndilo ambalo kila nchi hulirudisha mfukoni mwake inapofika zamu ya kutia saini. Nepal haitaki kupoteza nafasi zichukuliwe na Bangladesh, Bangladesh haitaki zichukuliwe na Nepal.

Nasi je? Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza kazi Julai 2010, na katika miaka iliyofuata wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi wetu walitiliana saini mikataba ya kutambuana. Atakayeilinganisha orodha hiyo na ile ya ASEAN atadhani imenakiliwa. Fundi wa jua kali, ambaye ndiye anayevuka Namanga, Busia na Horohoro kila siku, hatajwi. Kenya na Tanzania zimeanza kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazini bila kupitia chuoni, na ningependa kuona cheti cha mwashi wa Tanga kikisomeka Mombasa bila maswali. Hilo tunaweza kulifanya wenyewe bila kumwomba mtu.

Kwa upande wa Ghuba hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa hata kusitisha tumesitisha kila mmoja kwa wakati wake. Kenya ilizuia wafanyakazi wa nyumbani mwaka 2012, kisha mwaka 2014 ikafuta leseni za mawakala. Ethiopia ilifunga mlango mwaka 2013, Uganda mwaka 2016. Kila mlango ulipofungwa, mwingine ulikuwa wazi, na anayeajiri hakusikia hata upepo. Burundi nayo imetia saini makubaliano yake na Saudi Arabia katika miaka ya karibuni. Wakati huo huo tunawapeleka wasichana wetu katika kozi za utunzaji wa nyumba kabla ya safari, zinazowafundisha pasi ya umeme, mashine ya kufulia na maneno ya Kiarabu ya jikoni, na mtihani unafanywa na cheti kinatolewa. Sizidharau kozi hizo. Nauliza tu, msichana mwenye cheti hicho anamzidi asiyekuwa nacho kwa riyali ngapi? Kama jibu ni hakuna, basi aliyefaidika na mafunzo ni mwajiri, na aliyeyalipia, mara nyingi, ni familia iliyouza ng'ombe.

Ndiyo maana napendekeza kwamba, kabla ya kuiga mitaala ya Asia, nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Ethiopia ikikubali, zipatane mambo matatu kuhusu wafanyakazi wanaokwenda Ghuba: kima kimoja cha chini cha mshahara, kiwango kimoja cha mafunzo kinachoambatana na kima hicho, na gharama zote za mafunzo na safari kubebwa na mwajiri. Zikishapatana, ziende kuzungumza na nchi za Mchakato wa Colombo, kwa sababu hao ndio tuliokuwa tukiwaharibia soko bila kukusudia, nao wametuharibia sisi. Najua nitaambiwa kwamba waajiri watahamia kwingine na vijana wetu watabaki barazani bila kazi. Huenda ikawa hivyo kwa muda. Wafilipino walikaa zaidi ya mwaka mzima wakisubiri, na familia zilizokuwa zikitegemea fedha hizo ziliumia. Sina namna ya kuifanya gharama hiyo ionekane ndogo. Lakini kadiri nchi zinazosimama pamoja zinavyoongezeka, ndivyo hiyo sehemu nyingine ya kuhamia inavyopungua, na muda wa kusubiri unavyokuwa mfupi.

Ningeomba waandishi wako, watakapokutana tena na mawaziri wa kazi wa nchi hizi wakitangaza makubaliano mapya na Ghuba, waache kuuliza ni nafasi ngapi zimepatikana. Wamuulize kila waziri swali moja: jirani yako akigoma kupeleka watu kwa sababu ya ujira, je, nawe utakataa kuzijaza nafasi zake?

Mkufunzi wa ufundi wa umeme,
Mombasa